Kabila la Waigizaji

Juzi mjukuu wangu alikuwa akibandika picha za kazi yake ya shule kwenye kipande cha boksi, gundi ya dukani ikamwishia. Nikamwambia achukue unga wa muhogo, autie maji, aukoroge motoni mpaka uvutike, kama tulivyokuwa tukifanya sisi. Alinitazama kwa mashaka, lakini akaenda. Ile harufu ilipoanza kutoka jikoni, harufu ya uji usiotiwa kitu, wenye uchachu kwa mbali, ilinibidi nivute kiti nikae. Mtoto akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamjibu siumwi. Nilikuwa nimerudi darasa la kwanza, pua yangu inakaribia kugusa ukuta, nawaangalia watu wanaokufa.

Wa rika langu mnazikumbuka shule zile: kuta za udongo zilizopakwa chokaa, paa la nyasi, sakafu tuliyokuwa tukiisiriba kwa samadi ya ng'ombe ili viroboto visitumalize. Yetu, madarasa yote katika chumba kimoja, ilikuwa juu ya kilima, upande wa Nyakahanga. Chini yake kulikuwa na migomba na mibuni, na juu yake rweya tupu, yale majani mafupi ya kilimani ambako Wanyambo walichunga ng'ombe wao na upepo haukupumzika. Ukutani hapakuwa na kitu zaidi ya msalaba na ramani iliyotoboka katikati, mpaka Mwalimu Deo aliporudi kutoka likizo Bukoba na furushi limefungwa kwa kamba ya mgomba. Aliifungua kamba polepole, akatuambia tusipumulie karibu, akatoa picha.

Zilikuwa kubwa kuliko karatasi yoyote niliyokuwa nimewahi kuiona, zimegeuka njano pembeni, na zina madoa ya kahawia kama mgongo wa mkono wa mtu mzee. Zilikuwa za kuchorwa, kisha zikatiwa rangi: nyekundu ya majoho, kijani cha mapazia, dhahabu ya mataji. Na kila mtu humo alikuwa ndani ya balaa. Mzee mwenye ndevu amejifunika uso kwa mkono. Mama amepiga magoti, amelishika joho la askari asiyemtazama. Kijana ameegemea upanga wake, mkono mwingine kifuani, midomo wazi, macho yamepinduka. Wanaume walivaa soksi ndefu zilizobana mpaka mapajani, jambo lililotuchekesha sana siku ya kwanza na baadaye halikutuchekesha tena. Hakuna picha hata moja iliyokuwa na kuku, wala mvua, wala mtu anayekula.

Mwalimu alitueleza kwamba padri mmoja mzee, Mzungu aliyemfundisha chuoni, alikuwa akirudi kwao na kugawa vitu vyake. Wenzake walichukua viatu na vyandarua. Yeye alichukua picha. Chini ya kila picha palikuwa na maandishi, lakini hayakuwa ya Kiingereza, na Mwalimu mwenyewe hakuweza kuyasoma. Tulichemsha unga wa muhogo kwenye sufuria ya shule, tukazibandika zote ukutani siku hiyo hiyo, na darasa likanuka uchachu kwa muda mrefu.

"Mwalimu, hawa ni akina nani?" aliuliza Filibati, mtoto wa katekista, ambaye hakuogopa kuuliza lolote.

"Hawa ni waigizaji," alisema Mwalimu. "Wa zamani, wa Ulaya. Hii ndiyo kazi yao."

"Kazi yao ni kulia?"

Mwalimu akafikiri kidogo. "Kulia," alisema, "na kufa."

Nasi tukageuka kuzitazama upya.

Kiswahili changu wakati ule kilikuwa kidogo. Nyumbani tulisema Kihaya, majirani zetu walisema Kinyambo, na Kiswahili tulikikuta shuleni pamoja na hesabu. Lakini jambo moja nilikwisha kulielewa: neno likianza kwa 'Wa' ni la watu wa mahali fulani. Kulikuwa na Wahaya, ambao ni sisi. Kulikuwa na Wanyambo, na Wanyarwanda waliokuja kupalilia kahawa, na Wahindi wa dukani, na Wazungu. Sasa kulikuwa na Waigizaji, na kwa nilivyoona, walikuwa wamekwisha wote.

Jioni nilimkuta Bibi barazani akimenya ndizi. Nikamwamkia, nikakaa karibu na miguu yake.

"Bibi, unawajua Waigizaji?"

"Wanakaa wapi?"

"Ulaya."

"Basi siwajui. Huko sijafika."

"Wote wamekufa."

Bibi aliacha kumenya. "Maskini," alisema. "Ni tauni?"

Nilimwambia kwamba wengine ni mapanga, na mmoja ni kikombe. Akatikisa kichwa, akasema kwamba Mungu ndiye ajuaye, kisha akanituma kuni.

Lazima niwaeleze juu ya nyumba yetu, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini niliwafikiria sana watu wale. Baba yangu, Tata kama tulivyomwita, alitoka Muleba, akaja Karagwe kuwa karani wa ghala la kahawa pale Kayanga. Alikuja na mke na binti mmoja, dada yangu Kokugonza, ambaye sote tulimwita Koku. Mimi, Kemilembe, nilizaliwa hapa. Nilipokuwa bado mdogo sana, mama yetu alikufa wakati wa kujifungua, yeye na mtoto. Kitu pekee ninachokikumbuka ni shuka jeupe na miguu ya wanawake wengi, na mtu ananiinua ananitoa nje.

Watu walisema Tata hakulia. Alisimama kaburini, nyuma ya migomba yetu, akarudi, akawashukuru waliokuja, na Jumatatu akaenda ghalani. Mama yake, yaani Bibi, alihama kutoka Muleba kuja kutulea. Vitu vya mama vikawekwa kwenye sanduku la bati lenye maua, sanduku likasukumwa chini ya kitanda cha Tata, na kuanzia hapo mama hakutajwa. Si kwamba tulikatazwa. Ila ukimtaja, Tata alisimama akatoka nje, akaenda kuangalia mibuni, na chakula kikapoa. Kwa hiyo tukaacha. Niliwasikia majirani wakimwita "mama Koku, yule marehemu", na nikadhani hilo ndilo jina lake zima.

Basi picha niliyosimama mbele yake kila siku ukutani ilikuwa ile ya mwanamke mwenye gauni jeupe. Alikuwa amelala kwenye ngazi za mawe, nywele zimemwagika, kikombe kimeviringika karibu na vidole vyake. Mfalme amepiga magoti kando yake, kichwa amekishika kwa mikono miwili. Nyuma, askari wote wamegeuza nyuso. Nilimtazama yule mfalme sana. Nilitaka kujua atafanya nini akiinuka, kama ataenda kuangalia mibuni.

Siku moja Mwalimu Deo akatangaza kwamba siku ya kufunga shule tutaonyesha mchezo, na wazazi wote waalikwe, na mkungu pia, yaani yule mtawala mdogo wa eneo letu. Kwa kuwa hakuweza kusoma maandishi ya chini ya picha, alikuwa amekaa na kujitungia hadithi yake mwenyewe, akiipanga kwa kuzitazama picha moja baada ya nyingine. Ilikuwa hivi: mfalme ana ndugu mwenye wivu. Ndugu anatia sumu katika kikombe cha mfalme. Malkia anaona, anamwambia mumewe, lakini mfalme anampenda ndugu yake na hataki kusadiki. Anainua kikombe anywe. Ndipo malkia anamnyang'anya, anasema, "Kama huamini mdomo wangu, utaamini kifo changu," anakunywa yeye. Mfalme anapiga magoti, anamwita jina lake, naye haitiki.

Filibati alikuwa mfalme, kwa sababu ya sauti yake. Kuhusu malkia, wasichana wa darasa la nne walikuwa wachache, na mmoja tu ndiye aliyeweza kusema maneno yote bila kujifunika uso kwa kitambaa. Alikuwa Koku.

"Koku atakuwa mwigizaji mzuri," Mwalimu aliliambia darasa, na watu wakapiga makofi.

Mimi sikupiga. Dada yangu alikuwa anachukuliwa na lile kabila.

Tangu siku hiyo Koku alikuwa akienda nyuma ya nyumba, kwenye majani makavu ya migomba, kujifunza kuanguka. Nilikaa kwenye kisiki nikimtazama. Alishika hewa kama kikombe, akanywa, akapepesuka, akaenda chini. Kisha akajiinua akijipangusa.

"Inauma?" nilimuuliza.

"Nini?"

"Kufa."

"Kwenye kiwiko tu. Tazama." Akanionyesha alipochubuka.

"Na ukishakufa siku ile, utarudi nyumbani na sisi?"

Koku alikuwa na furaha mno kuniangalia usoni. "Malkia harudi," alisema kwa ile sauti yake ya mchezo, mkono juu. "Malkia amekwenda asikorudi mtu." Kisha akaanza kuanguka tena.

Nilikwenda kwa Bibi, nikamwambia Koku atakufa siku ya kufunga shule. Bibi, ambaye kila jioni alisumbuliwa na yale maneno ya malkia mpaka akayajua kwa moyo, akasema, "Ndiyo, na anakufa vizuri. Kula." Sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Tata alikuwa ametoa ruhusa bila kuuliza ni mchezo gani. Alisema tu, "Kama Mwalimu ameona inafaa," akageukia lampu yake.

Lililonimaliza kabisa ni gauni. Mwalimu alisema malkia avae nyeupe kama ya picha. Koku hakuwa na nyeupe. Siku moja Tata akiwa ghalani, Bibi aliingia chumbani kwake, akalivuta lile sanduku la bati kutoka chini ya kitanda na kulifungua mbele yetu. Harufu ya majani makavu ya mkaratusi ikatoka, ile dawa ya nondo. Bibi akainua gauni la harusi, lina lesi shingoni na vifungo vidogo vilivyofunikwa kitambaa.

"Tata atakasirika," alisema Koku. Sauti ya mchezo ilikuwa imemtoka.

"Panya watalila bure," alisema Bibi. "Vua hiyo uliyovaa."

Akambania pindo kwa uzi, akakaza kiunoni, akarudi nyuma akamtazama. Bibi yangu alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini siku hiyo alisimama tu pale na sindano mdomoni. Mimi niliona tu kwamba mtu wa kwanza kulivaa gauni lile alikuwa amekufa, na sasa amevalishwa wa pili.

Siku ya kufunga shule ilianza na ukungu, kisha jua likatoka. Meza zilipangwa uwanjani ziwe jukwaa, zikafunikwa mikeka, na nyuma zikatundikwa shuka mbili za Mwalimu kuwa mapazia. Picha zenyewe zilibaki darasani, lakini Mwalimu alikwenda kuzichungulia kila mara, kama mtu anayeomba ushauri. Watu walikuja kutoka pande zote, hata wa Nyakakika waliokuwa na watoto kwetu. Wanawake walikaa kwenye mikeka na majani, wanaume kwenye mabenchi, mkungu kwenye kiti chenye mikono. Tata alichelewa. Nilimwona akija na kofia mkononi, vumbi la kahawa kwenye suruali, wakamsogezea nafasi pembeni mwa benchi la mbele.

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Kama mauti yalikuwa ndani ya kikombe, kikombe kisipokuwa na kitu mauti yangekuwa wapi? Watoto walipokuwa wakiimba nyimbo za kukaribisha wageni, nilizunguka nyuma ya mapazia. Kikombe kilikuwa juu ya kigoda, cha bati, Mwalimu amekivisha karatasi inayong'aa ya majani ya chai. Ndani mlikuwa na maji ya ndizi mbivu. Nikayamwaga yote kwenye nyasi, nikakipangusa ndani kwa gauni langu mpaka kikakauka, nikakirudisha. Kisha nikaenda kukaa karibu na Bibi, nimetulia kabisa, mtoto aliyemwokoa dada yake.

Mchezo ulianza. Watu walimzomea yule ndugu mwenye wivu kwa moyo wote, mpaka kijana aliyemwigiza akataka kushuka. Filibati alinguruma. Halafu pazia likasogezwa na Koku akatoka.

Nikamsikia Tata. Alivuta pumzi kwa nguvu, na benchi likalia. Nilimgeukia. Alikuwa ameiweka kofia yake magotini na kuikamata kwa mikono miwili.

Koku alikuwa kama mtu nisiyemfahamu. Alimsihi mfalme, akamshika joho, kama yule mama wa pichani. Filibati akamsukuma kando, akainua kikombe. Koku akamnyang'anya. "Kama huamini mdomo wangu," alisema, na uwanja mzima ulikuwa kimya hata nikasikia ng'ombe wakikohoa kule rweya, "utaamini kifo changu." Akakiinua kikombe kikavu, akanywa. Niliona koo lake likimeza. Nikataka kucheka kwa sababu nilijua siri.

Akapepesuka, akaanguka.

Siwezi kuwaeleza hofu ile. Kikombe kilikuwa kitupu, nilikimwaga mwenyewe, na bado alianguka. Basi mauti hayakuwa ndani ya kikombe. Yalikuwa mahali pengine ambapo mikono yangu haikufika. Nywele zake zilimwagika kwenye mkeka, kikombe kikaviringika, na gauni jeupe likatandazika kama lilivyotandazika ukutani.

Sasa ilikuwa zamu ya mfalme kupiga magoti na kumwita malkia jina lake. Filibati alipiga magoti. Akamtazama Koku, akawatazama watu wale wote, na yule mvulana asiyeogopa lolote akakauka. Nyuma ya pazia Mwalimu akamnong'oneza mara kadhaa. Filibati alikuwa akisogeza midomo tu. Mtu mmoja akakohoa.

"Anastazia," alisema Tata.

Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mwenzake bila kutaka kumshtua. Kisha akasimama, kofia ikaanguka, akaita kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Anastazia! Anastazia we!"

Sikujua ni nani. Malkia wa mchezo alikuwa na jina jingine. Nikamvuta Bibi mkono. "Bibi, Anastazia ndiye nani?"

Bibi alikuwa tayari analia. "Ni mama yako," alisema. "Ndilo jina lake. Ni mama yako, Kemi."

Tata alitembea mpaka pale mbele, akapanda mezani. Filibati akasogea upesi kumpisha. Tata alipiga magoti kando ya Koku, akaweka mikono kichwani, na kilio kikamtoka, kilio kibaya cha mtu asiyejua kulia, kama kukohoa. Wanawake kwenye mikeka wakaitikia. Wengi wao walikuwa wamekuja msibani kwetu miaka ile, na nadhani walikuwa wakisubiri tangu wakati huo. Wakalia kama wanavyolia watu wetu, mikono juu ya vichwa, kwa Kihaya na kwa Kinyambo, wakimtaja Anastazia aliyekuwa jirani yao, Anastazia aliyekuwa na mkono mwepesi wa kupanda maharage.

Mimi nilikimbia, nikapanda meza, nikamwangukia Koku.

"Niko hai, mjinga wewe," alininong'oneza bila kufumbua macho. "Usinikanyagie gauni." Lakini machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka masikioni. Alikuwa bado amelala kwa sababu Mwalimu hakuwa amemruhusu kufufuka.

Halafu akafumbua macho, akamwona Tata alivyo karibu. "Tata, nisamehe," alisema. "Gauni ni mimi niliyelivaa."

Tata alijipangusa uso kwa kiganja. "Limekukaa," alisema. Akaigusa lesi ya shingoni kwa kidole kimoja. "Limekukaa vizuri."

Mwalimu Deo alitoka nyuma ya pazia akiwa ameinua mikono kuwatuliza watu, akaona, akaishusha. Mkungu alimpongeza sana baadaye. Alisema mchezo wote ulikuwa mzuri, lakini hasa yule bwana aliyetokea katikati ya watu. Ni nani aliyefikiria jambo hilo? Mwalimu hakuwa na moyo wa kumweleza.

Watu walipoanza kutawanyika, Mwalimu alinikuta nimeng'ang'ania mkono wa Koku, sitaki kumwachia hata akavue. Akauliza nina nini. Ndipo yote yakatoka: kabila, na tauni, na kikombe nilichokimwaga. Hakunicheka. Alinichukua mpaka darasani, akanisimamisha mbele ya yule mwanamke wa ngazi za mawe.

"Huyu," alisema, "mchoraji alipomaliza kumtazama, aliinuka. Wote hawa waliinuka. Wakavua hizi nguo, wakanawa rangi usoni, wakaenda nyumbani kula."

"Hata mwenye upanga?"

"Huyo ndiye aliyekula sana. Mtazame tumbo."

Nikatazama. Kweli, chini ya mkanda palikuwa na tumbo. Nilizipitia picha zote upya siku hiyo, nikijaribu kuwaona wakila, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba vilima vya nyuma yao ni kitambaa kilichopakwa rangi, na kwamba kina mkunjo. Kisha nikamwuliza Mwalimu kitu kimoja: kama waliinuka wote, kwa nini mama yangu hakuinuka? Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akasema, "Kwa sababu mama yako hakuwa akiigiza, mwanangu." Ni jibu gumu kumpa mtoto mdogo, lakini lilikuwa la kweli, na nimemshukuru kwa hilo maisha yangu yote. Zile picha hazikudumu. Mchwa walipenda gundi yetu ya muhogo kuliko sisi tulivyopenda rangi, na nilipofika darasa la tatu palibaki mataji mawili na mguu wenye soksi.

Lakini jioni ile. Tulishuka kilima wanne, Koku akiwa bado amevaa gauni, pindo amelishika juu lisiguse vumbi. Tulipofika, Tata hakwenda kuangalia mibuni. Alivua koti, akakaa jikoni kwenye kigoda, mahali ambapo wanaume wa kwetu hawakai, akatutazama tulivyomsaidia Bibi kumenya ndizi. Nje jua lilikuwa linazama na mlangoni mwanga ulikuwa wa njano.

"Ulizeni," alisema.

Koku na mimi tukatazamana.

"Juu ya mama yenu. Mkitaka. Ulizeni chochote."

Koku alikuwa mkubwa, alikuwa na maswali ya maana, niliona akiyapanga. Mimi nikamwahi.

"Alikuwa anapenda kula nini?"

"Kemi!" alisema Koku. "Hilo ndilo swali?"

Lakini Tata alikuwa ameanza kutabasamu, tabasamu lisilojua njia, linakuja na kurudi. Akamwangalia Bibi, akashusha sauti kama mtu anayeogopa kusikika hata sasa.

"Senene," alisema.

Bibi aliinua uso. Ninyi wa kwetu mnajua: zamani zile mwanamke aliwashika senene, wale panzi wa msimu, akawakwanyua mabawa, akawakaanga, akamtengea mumewe, na yeye mwenyewe hakula hata mmoja. Ilikuwa mwiko, na Bibi yangu aliushika mwiko huo mpaka anazikwa.

"Anastazia hakula senene," alisema Bibi. "Aliolewa nyumbani kwangu. Nilimlea mimi mwenyewe kule Muleba."

"Alikula, mama. Nilikuwa namwachia. Najifanya nimeshiba, nakwambia wamebaki, nasukuma sahani chini ya kitanda, naenda kutembea. Nikirudi hakuna hata mguu. Na yeye amekaa anashona, anaimba, midomo inang'aa mafuta." Akaanza kucheka, na huku anacheka machozi yakamtoka tena. Hakuyafuta. "Kila msimu. Hatukusema kitu. Mimi najua, na yeye anajua kwamba najua."

"Nyumbani kwangu?" alisema Bibi.

"Nyumbani kwako, mama."

Koku alikuwa amejifunika mdomo kwa mkono wa gauni la harusi. Mimi nilikuwa nikimwona, kwa mara ya kwanza nilikuwa nikimwona, mwanamke kijana mwenye midomo ya mafuta anashona na kuimba.

Bibi aliweka kisu chini.

"Miaka yote ile," alisema, "mimi nampiga paka."